Jozi Tatu za Miguu

Foleni ya kuonja mvinyo Groot Constantia, Jumamosi ya Desemba, si mchezo. Mimi nilidhani foleni nazijua, maana nimekulia Tanzania. Hii ilikuwa ya aina yake. Watu wamevaa kofia za jua, watoto wanakimbizana chini ya mialoni, na kila baada ya dakika chache basi linashusha wageni wengine mbele ya geti. Saa tano asubuhi, na ndani kumeshajaa.

Tulikuwa wanne. Daktari, mtu wa Moshi, ndiye mwenyeji wetu; anafanya kazi Cape Town mwaka wa sita sasa. Wa pili ni shoga yangu wa Unguja, tuliyesoma naye chuo, ambaye pombe haijawahi kupita midomoni mwake. Wa tatu ni jirani yake Daktari, mwalimu mstaafu wa historia kutoka upande wa Paarl, mama wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Anti, nasi tukamwita hivyo hivyo. Wa nne ni mimi: kwa baba mtu wa Kilwa Kivinje, kwa mama mtu wa Masasi. Mkumbuke hilo la Kilwa na Masasi, ndugu msomaji, nitalirudia.

Nilikuja kwa sababu ya vitabu. Shamba hili limetajwa na waandishi niliowasoma tangu sekondari, na mimi ni mtu wa kupenda kwenda kuona mahali palipotajwa kitabuni. Basi.

Ndani kuna kaunta ndefu, glasi zimepangwa kama askari wa gwaride, na kelele kama za ukumbi wa harusi kabla maharusi hawajaingia. Unalipia, unapewa mvinyo wa aina tano na vipande vitano vya chokoleti, kila kipande na glasi yake. Kijana wa kaunta akatufundisha: angalia rangi kwanza, zungusha glasi, nusa, onja, ukimaliza tema kwenye kile kindoo.

"Kutema?" Daktari akashangaa. "Kaka, mimi nimelipia."

Watu wa jirani wakacheka. Shoga yangu na Anti waliagiza juisi ya zabibu. Shoga yangu nilijua sababu yake. Ya Anti sikuijua, nikadhani labda ni dawa anazotumia.

Hata jina la hicho tunachoonja lilitufikia kwa meli. "Mvinyo" tumelitoa kwa Wareno. "Divai", neno la kanisani, linasemekana limetoka kwa Wafaransa. "Zabibu" ni la Waarabu. Siku hizi vijana wanasema "waini" na maisha yanaendelea. Mimi divai niliijua kwanza Masasi, kanisani kwa bibi mzaa mama, kikombe cha fedha kikipita mdomo kwa mdomo. Daktari yeye alianza na ya Dodoma, ile ya zabibu zilizopandwa na wamisionari Wakatoliki kule Bihawana miaka ya 1950.

Glasi ya tano ndiyo niliyoifuata. Mvinyo mtamu, mzito, rangi ya asali. Zamani zabibu zake ziliachwa kwenye mti hadi zikaanza kusinyaa, utamu ukajikusanya ndani. Kijana akasimulia kwa haraka, maana nyuma yetu watu walikuwa wanasubiri: Napoleon alipofungwa kisiwani St Helena aliletewa mvinyo wa Constantia, wafalme wa Ulaya waliugombania, hata Jane Austen aliuandika.

Hapo nikajiona mtu. Nikawaeleza wenzangu kwamba katika Sense and Sensibility, riwaya ya mwaka 1811, Bi Jennings anamletea Marianne glasi ya Constantia ya siku nyingi ili kumtuliza, kwa kuwa ameachwa na mwanamume. Marehemu mumewe Bi Jennings aliipenda kwa maumivu ya jongo. Marianne ameshalala, basi dada yake, Elinor, anaichukua glasi na kuinywa mwenyewe, maana naye moyo wake una jeraha ambalo hakuna anayelijua. Nikaongeza kwamba Dickens aliutaja mvinyo huu katika The Mystery of Edwin Drood, riwaya aliyofariki mwaka 1870 bila kuimaliza, na kwamba Baudelaire aliutaja ndani ya Les Fleurs du mal, mwaka 1857.

Anti alinisikiliza mpaka mwisho, kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi aliyekariri vizuri. Kisha akauliza kwa upole: "Na Lady Anne Barnard umemsoma?"

Sikuwa nimemsoma.

Waliokuja kabla yetu

Nimemsoma sasa, na ndiyo sababu ya makala hii.

Lady Anne Barnard alikuwa Mskoti, mshairi, mke wa katibu wa serikali ya Waingereza walipoitwaa Cape kwa mara ya kwanza. Aliishi huko kuanzia mwaka 1797 hadi 1802, na barua na kumbukumbu zake ni katika maandishi yanayosomeka kwa raha kuliko yote ya wakati ule. Ana jicho, ana ucheshi, hajikwezi. Siku moja alikwenda Constantia pamoja na marafiki zake, kumtembelea mwenye shamba, Hendrik Cloete, na kuonja mvinyo wake. Yaani alifanya kile kile tulichofanya sisi, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Cloete aliwachukua wageni hadi kwenye chumba cha kukamulia zabibu. Humo mlikuwa na mashinikizo manne, na ndani ya kila moja watumwa watatu wakikanyaga zabibu kwa miguu mitupu. Lady Anne anaeleza kwamba wenzake wote walikunja nyuso. Watakunywaje kitu kilichokamuliwa na jozi tatu za miguu myeusi? Yeye akajituliza kwa kuwaza kuwa mvinyo ukichachuka, uchafu wote unaondoka. Kisha, anasema, kilichomgusa zaidi ni uzuri wa miili ile. Akawaona kama sanamu za kale za shaba, nusu uchi, wakicheza ndani ya shinikizo, miguu ikipiga kwa mdundo mmoja bila kukosea.

Niliisoma sehemu hiyo mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika kwa ajili ya wale waliokunja nyuso. Mara ya pili nikaona kwamba Lady Anne walau aliwatazama. Mara ya tatu nikahesabu: mashinikizo manne, watu watatu watatu, jumla kumi na wawili. Aliwaona kumi na wawili, akatuachia hesabu yao na uzuri wa miili yao. Jina hakuna hata moja.

Simlaumu kirahisi, kwa sababu maisha yake yana jambo lingine. Mumewe, Andrew Barnard, alifariki huko Cape mwaka 1807. Ikajulikana kuwa alikuwa na binti, Christina, aliyezaa na mwanamke mtumwa. Lady Anne akamleta mtoto yule London, akamlea nyumbani kwake, na Christina alipokua akawa anamsaidia kunakili maandishi yake. Nikiwaza kwamba huenda mkono wa binti wa mwanamke mtumwa uliwahi kupita juu ya habari za mtumwa aliyekanyaga zabibu, nashindwa niseme nini. Mama yake Christina naye, simulizi ya London inamwacha nyuma huko huko Cape.

Shamba na wenyewe

Turudi nyuma kidogo. Waholanzi wa ile Kampuni ya Uhindi ya Mashariki walifika Cape mwaka 1652 kuanzisha bustani ya mboga kwa ajili ya meli zao. Tarehe 2 Februari 1659 kamanda wao, Jan van Riebeeck, akaandika katika shajara yake kwamba mvinyo wa kwanza umekamuliwa. Watalii huisikia sana tarehe hiyo. Wachache huambiwa kilichotokea mwaka mmoja kabla: mwaka 1658 zilitia nanga meli mbili, Amersfoort na Hasselt, zikashusha mamia ya watumwa, ya kwanza wa kutoka Angola, wengi wao watoto, ya pili wa kutoka pwani ya Guinea. Mikono ilitangulia mvinyo.

Mwaka 1685 Simon van der Stel, aliyekuja kuwa gavana, alipewa ardhi hii nyuma ya mlima, akaiita Constantia. Yeye mwenyewe alizaliwa melini mwaka 1639, karibu na Mauritius, na bibi yake mzaa mama alikuwa mwanamke wa pwani ya India. Alipofariki mwaka 1712 shamba likagawanywa, na sehemu yenye nyumba kubwa ikaja kununuliwa na Olof Bergh, nahodha Mswidi. Mke wa Bergh aliitwa Anna de Koning. Mama yake Anna alikuwa Angela wa Bengal, mtumwa aliyewahi kumilikiwa na familia ya Van Riebeeck kabla ya kupata uhuru wake.

Bergh akafariki mwaka 1724, na Anna akabaki mwenye nyumba. Binti wa mtumwa, mwenye Groot Constantia. Na alikuwa na watumwa wake.

Jirani yake, Johannes Colijn, ambaye katika karne ya 18 aliufanya mvinyo wa Constantia ujulikane Ulaya, mama yake alikuwa Maria Evertsz, mtoto wa wazazi walioletwa wakiwa watumwa kutoka Guinea. Kwa hiyo anayedhani historia hii ni ya wazungu upande mmoja na weusi upande wa pili, na mstari umepita katikati, hapa ataukosa mstari wenyewe. Watu walivuka. Wengine walivuka wakafunga mlango nyuma yao.

Hili la kuvuka na kufunga mlango ndilo lililoanza kuniuma pale kwenye kaunta, Anti alipokuwa anatusimulia, chokoleti ya tano ikiyeyuka mkononi.

Kilwa

Mwanahistoria Robert Shell alikadiria kwamba watu wapatao 63,000 waliletwa Cape wakiwa watumwa kati ya mwaka 1652 na 1808. Kwa makadirio yake, robo hivi walitoka India, karibu robo visiwa vya Indonesia, robo Madagaska, na robo iliyobaki Afrika bara, hasa Msumbiji na pwani ya mashariki. Wa Msumbiji waliitwa Masbieker. Jina lilikuwa la bandari tu. Ndani yake walikuwamo Wamakua na wengine ambao lugha zao mpaka leo utazisikia ukipanda basi la Masasi kwenda Newala.

Na pwani yetu wenyewe? Kati ya mwaka 1776 na 1778 Kampuni ilituma meli za kutafuta watumwa hadi pwani ya Waswahili, na madaftari ya safari mbili yamehifadhiwa. Zanzibar imo humo. Miaka hiyo hiyo Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, alikuwa Kilwa. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliweka naye mkataba wa maandishi: watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 kila mmoja, na piastre 2 juu yake kwa kila kichwa kama zawadi ya sultani. Watu hao walikusudiwa visiwa vya Wafaransa, Mauritius na Réunion. Lakini meli za Kifaransa zilizobeba watumwa kutoka pwani ya mashariki kwenda Amerika zilikuwa zikipita Cape kuchota maji, na zilipopita ziliuza baadhi ya watu wao hapo.

Sitasema kwamba mmoja wa wale kumi na wawili alitoka Kilwa. Hakuna karatasi inayonipa ruhusa hiyo. Ninachosema ni kwamba njia ilikuwapo, na ilianzia mlangoni kwetu.

Nilipowaeleza wenzangu habari za mkataba ule, shoga yangu akaweka glasi ya juisi chini. "Haya shoga, sasa wewe wa upande gani?"

Aliuliza kwa mzaha, lakini swali lilikuwa la kweli. Baba yangu ni wa Kilwa Kivinje, ukoo unaojiita wa watu wa mjini, wenye nyumba ya mawe iliyobaki kuta mbili. Mama yangu ni wa Masasi, mji ambao mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana aliwaweka watu waliokombolewa utumwani, aliowatoa Zanzibar. Bibi mzaa mama alikuwa akisema, "Sisi tuliletwa hapa," na hakuongeza neno. Upande wa baba hakuna aliyewahi kusema kitu, ila kwamba babu wa babu alikuwa "mfanyabiashara". Biashara ya nini? Kilwa, katika karne ya 19, mtu akiambiwa hivyo hana haja ya kuuliza mara mbili. Mimi nilikuwa siulizi hata mara moja.

Daktari akaingilia kati. "Jamani, tupo likizo. Mambo ya miaka mia mbili yatatuharibia siku?"

Ana haki yake. Anafanya kazi siku sita kwa wiki, zamu za usiku hazihesabiki, na Jumamosi yake alikuwa ametupa sisi. Nikanyamaza. Tukaenda nje kupiga picha.

Mnyweshaji

Picha yenyewe ndiyo iliyoturudisha kwenye mazungumzo. Nyuma ya nyumba kubwa lipo ghala la mvinyo alilojenga Cloete mwaka 1791, na juu ya uso wake, kwenye pembetatu ya ukuta, kuna michongo ya Anton Anreith, fundi Mjerumani ambaye kazi zake zimejaa Cape Town. Watu hupiga picha hapo bila kuuliza ni nini. Utaona vitoto vinene vya chokaa vikifanya vurugu za ulevi, na katikati yupo kijana pamoja na tai.

Ni Ganymede. Wasomaji wa hadithi za Kiyunani mnamjua: mwana wa mfalme wa Troy, mzuri kuliko wote, ambaye Zeus alimtamani. Tai akamnyakua, akapandishwa kwa miungu awe mnyweshaji wao, kazi ile ile aliyokuwa nayo Nehemia kwa mfalme wa Uajemi. Baba yake alilia sana. Zeus akamlipa farasi.

Anti alikuwa ameshawaleta wanafunzi wake pale miaka mingi. Anasema kila mara alikuwa akiwauliza swali moja tu: huyu kijana alikuja kumimina mvinyo kwa hiari yake?

Mimi sijui Cloete aliliona jambo hilo au hakuliona. Nadhani hakuliona. Michongo ya Kiyunani ilikuwa fasheni, na Ganymede na mvinyo ni kama Bikira Maria na kanisa. Lakini fikiria ulivyokuwa mwaka ule: juu ya ukuta mtoto aliyeibwa kwao, ambaye baba yake alilipwa, chini yake, mlangoni, wanaingia na kutoka watu walioibwa kwao, ambao kwa kila mmoja kuna mtu mahali fulani alilipwa. Hakuna aliyelazimika kuficha kitu. Kiliwekwa juu, mchana kweupe, na kikaitwa pambo.

Utumwa ulifutwa rasmi Cape tarehe 1 Desemba 1834, na hata hapo waliokuwa watumwa wakafungwa miaka minne zaidi kwa mabwana wale wale, kwa jina la kujifunza kazi. Walipoachiliwa mwaka 1838 wengi hawakuwa na pa kwenda isipokuwa shamba lile lile au la jirani. Groot Constantia nayo ikaja ikaporomoka. Wadudu wa mizabibu waliingia Cape katika miaka ya 1880, na mwaka 1885 serikali ikalinunua. Nyumba iliungua mwaka 1925 ikajengwa upya. Mvinyo mtamu wa zamani ulikuwa umetoweka, ukafufuliwa katika miaka yetu hii, kwanza kwa majirani wa Klein Constantia.

Hapo ndipo Anti alipotuambia sababu ya juisi yake.

Babu yake alifanya kazi katika mashamba ya mizabibu upande wa Paarl, shamba ambalo hakulitaja na mimi sikumwuliza. Sehemu ya ujira wake ilikuwa mvinyo. Huko wanauita mfumo wa dop: kikombe cha bati asubuhi kabla ya kazi, kingine saa ya chai, kingine mchana, kingine jioni. Mvinyo wenyewe ni ule usiouzika. Ulianza enzi za utumwa ukaendelea baada yake. Sheria iliupiga marufuku miaka ya 1960, lakini mashambani uliendelea muda mrefu baadaye. Babu yake alifariki kwa pombe. Baba yake pia. Kaka yake alizaliwa na kichwa kidogo na hakuweza kusoma, maana mama yao naye alikuwa akipokea kikombe chake akiwa mjamzito. Watafiti wamepima watoto wa namna hiyo katika miji ya mashamba ya Western Cape na kukuta viwango ambavyo ni katika vya juu kabisa vilivyowahi kurekodiwa duniani.

Alisema yote hayo amesimama chini ya Ganymede, mkoba mkononi, sauti ile ile ya darasani. Jina la ukoo wake ni jina la mwezi. Watumwa wengi wa Cape walipewa majina ya miezi, na wajukuu wa wajukuu zao bado wanayabeba kwenye vitambulisho.

"Sasa kwa nini unakuja hapa, Anti?" Daktari akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Pazuri," akajibu. "Na sisi ndio tuliopajenga."

Kaburi la kando ya njia

Tulipotoka, shoga yangu akaomba tupite mahali pamoja. Alikuwa ameliona kwenye ramani ya simu. Karibu na lango la Klein Constantia, kando ya kijito, kuna kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, mtu wa ufalme wa Malacca ambaye Waholanzi walimhamishia Cape katika miaka ya 1660 baada ya kumshika Sumatra. Waislamu wa Cape wanaliita kramat, neno ambalo mtu wa Unguja halihitaji kutafsiriwa. Kwetu ni karama. Husimuliwa kuwa sheikh alikuwa akiwafundisha dini watumwa wa mashamba ya karibu.

Kulikuwa kimya. Ukitoka kwenye zile kelele za kaunta masikio yanashangaa. Shoga yangu akajitanda ushungi vizuri, akaingia, akasoma Fatiha. Anti, ambaye ni mtu wa kanisa, akavua viatu akaingia naye. Mimi na Daktari tukabaki mlangoni. Daktari alikuwa na chupa mbili alizonunua ndani ya mfuko wa karatasi. Akauficha mfuko nyuma ya ukuta kama mtoto aliyeiba sukari.

Siku ya pili Anti alitupeleka mjini kwenye Slave Lodge, jengo ambalo Kampuni ililijenga mwaka 1679 kuwafungia watumwa wake, na leo ni makumbusho. Ndani kuna nguzo ya mwanga yenye majina ya watu waliopita humo. Unaizunguka unasoma. Jina moja, na baada yake mahali: wa Bengal, wa Madagaska, wa Msumbiji. Nilizunguka polepole nikitafuta Kilwa. Sikuiona, na sitaki kuifanya hiyo kuwa dalili ya lolote. Mtu wa bara aliyepitishwa Kilwa na kuuzwa mbali hangeandikwa wa Kilwa.

Nimerudi Dar. Nimeisoma tena ile sura ya Austen. Bado ni nzuri. Sijaacha kumpenda Elinor, na sidhani kwamba kujua mvinyo wake ulikanyagwa na nani kunaifuta huzuni yake. Ila mwaka 1811, wakati glasi ile inapita kutoka kwa Bi Jennings kwenda kwa Elinor, kule Constantia miguu ilikuwa bado imo ndani ya shinikizo. Siwezi tena kuisoma bila kuhesabu: watatu, sita, tisa, kumi na wawili.

Wiki iliyopita nilimpigia baba simu. Baada ya salamu na habari za mvua nikamwuliza babu wa babu alikuwa akifanya biashara gani. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Mwanangu," akasema, "hayo si ya kuulizwa kwenye simu."

Nimeshakata tiketi ya basi. Nakwenda Kilwa mwezi wa sita.